Kodi ya Miezi Sita Mkononi

Ukimuuliza mkazi wa Dar es Salaam kama mji huu una watu wasio na pa kulala, atakutajia wanaojikunyata kwenye vibaraza vya maduka ya Kariakoo usiku, watoto wa mitaani, na omba omba wa kwenye taa za barabarani. Ataishia hapo. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, sensa ilipoanza, watu wa namna hiyo walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufikiwa na makarani, pamoja na waliokuwa safarini na waliolala nyumba za wageni. Kulipokucha makarani wakaanza kugonga milango ya sisi wengine, na kila aliyekutwa nyuma ya mlango akaandikwa kwenye kaya.

Wanaonihangaisha mimi ni baadhi ya hao waliokutwa nyuma ya mlango.

Namjua kijana anayelala kwenye saluni anamofanyia kazi, Mwananyamala. Hawezi kutandika godoro mpaka mteja wa mwisho amalize kusukwa, na msimu wa sikukuu mteja wa mwisho anaondoka saa saba usiku. Nawajua walinzi wawili na wapiga debe wawili waliochangia chumba kimoja Tandale. Walinzi wanarudi alfajiri wakati wapiga debe wanatoka, godoro halipoi, na siku zao za mapumziko zikigongana wanalala mzungu wa nne. Kuna dada niliyesoma naye, ndoa ilipovunjika akahamia kwa kaka yake na watoto wawili, kisha kwa mama yake mdogo, kisha kwa rafiki. Kila anapofika, wiki ya kwanza anachinjiwa kuku, mwezi wa pili sabuni inaanza kufichwa. Waulize wanakaa wapi, wote watakupa jibu moja: "Nimejishikiza mahali."

Hawa wote wanafanya kazi. Kipato chao ni kidogo, lakini kinaingia, cha siku au cha mwezi, na kodi ya chumba kimoja cha uswahilini kwa mwezi wangeimudu. Hilo ndilo ninalotaka tuliangalie vizuri, kwa sababu kila makala ninayosoma kuhusu makazi Dar inaanza na upungufu wa nyumba milioni 3 nchi nzima na kuishia na mwito wa kujenga maghorofa. Sina ugomvi na hiyo milioni 3. Mji kweli umefura: sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu, ya 2022 ikakuta 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja wameongezeka kwa miaka kumi, yaani kama laki moja kila mwaka wanaotaka mahali pa kuweka kichwa. Mwaka wa Azimio la Arusha, 1967, mji wenyewe haukufika watu laki tatu. Nyumba zinahitajika, hakuna anayebisha. Ila yule kijana wa saluni hakukwama kwa sababu vyumba vimekwisha. Vyumba vya kupangisha vipo. Alichokosa ni hela ya mkupuo.

Fanya hesabu naye. Chumba cha kawaida Mbagala au Gongo la Mboto, sakafu ya saruji, bati lisilo na dari, choo cha kuchangia uani, ni kama 50,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi: 300,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja: 50,000. Kabla ya hapo umeshatoa ya kuzungushwa, elfu kumi kwa kila dalali uliyemfuata, upate chumba usipate. Weka kirikuu cha kubebea godoro na jiko, weka kufuli jipya, maana hujui waliotangulia walibaki na funguo ngapi. Ni karibu laki nne kabla hujalala usiku mmoja. Mtu anayebaki na elfu tatu kwa siku baada ya kula na nauli, akiziweka zote bila kuugua, bila msiba, bila mtoto kurudishwa shuleni kwa sababu ya michango, anahitaji zaidi ya miezi minne kuzifikisha. Na akishaingia, saa inaanza upya: miezi sita ijayo anadaiwa tena laki tatu kwa mkupuo. Ndiyo maana ukipita ofisi za mikopo ile ya kausha damu utawakuta wapangaji, na wengi hawakopi kwa ajili ya mtaji. Kodi imeisha na mama mwenye nyumba amesimama mlangoni.

Mwaka jana nilimsindikiza mdogo wangu kutafuta chumba Mbagala. Anaendesha bodaboda ya mtu, anapeleka hesabu kila jioni, kinachobaki ni chake. Dalali tulimkuta chini ya mwembe, kibao chake kimeandikwa vyumba, fremu, viwanja na mashamba, na namba za simu mbili. Akatupokea kwa bashasha zote. "Dada yangu, umefika. Vyumba ninavyo mpaka unichoke." Cha kwanza hakikuwa na dirisha, lilikuwapo zamani, jirani amejenga ukuta mbele yake. Cha pili kilikuwa kimepakwa rangi mbichi, ya krimu, lakini chini, usawa wa goti, rangi ilikuwa imevimba kuzunguka kuta zote nne kwa mstari mmoja ulionyooka. Nikauliza maji yanafika hapa? "Hiyo ni rangi tu, dada, fundi alikosea kuchanganya. Hapa maji hayafiki kabisa." Nje, mama mmoja aliyekuwa anaanua nguo akacheka peke yake, akaingia ndani.

Cha tatu kilikuwa sawa. Nyumba ya vyumba sita, vitatu huku vitatu kule, ukumbi katikati, majiko ya mkaa yamepangwa kila moja mbele ya mlango wa mwenyewe. Mama mwenye nyumba anakaa chumba cha mbele. Tukamwamkia, akatukaribisha kwenye mkeka, akaanza maswali yake kwa mdogo wangu: ameoa? Ana wageni wengi? Anakunywa? Redio yake kubwa? Kisha akaeleza masharti ya umeme wa Luku. Mita ni moja, kila chumba kinachanga kila wiki, mwenye friji anaongeza, pasi ni marufuku, na hita ya maji ikionekana ananyofoa waya mwenyewe.

Kwenye hiyo mita moja kuna jambo lingine. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye Luku, umeme unaponunuliwa. Ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda kuwa 1,500 mwaka 2023. Anayedaiwa kodi hiyo ni mwenye jengo, na serikali ilisema mpangaji amalizane na mwenye nyumba wake. Nenda kajaribu. Mkeka mzima wa wapangaji haujawahi kumdai mama mwenye nyumba shilingi 1,500 za mwezi na ukabaki na amani ukumbini. Hela ni ndogo, nakubali. Naitaja kwa sababu inaonyesha nani hubeba kitu kinapopangwa mezani na watu wasiokaa nyumba za kuchangia mita.

Tukafika kwenye kodi. "Miezi sita, mwanangu. Kama una mwaka ndiyo vizuri zaidi." Nikamuuliza, kwa heshima, kwa nini asipokee mwezi kwa mwezi. Hakukasirika. Akanyoosha kidole uani, ambako ulikuwapo msingi wa vyumba viwili vingine, tofali kozi tatu, majani yameota katikati. "Nikipokea elfu hamsini hamsini nitakula. Laki tatu ikija kwa pamoja inakuwa saruji."

Jibu hilo limenifundisha zaidi ya semina zote. Nyumba anayoishi maskini wa Dar haikujengwa na shirika wala benki. Imejengwa na mama kama huyu, chumba kwa chumba, kwa hela za wapangaji waliotangulia. Kodi ya miezi sita ndiyo mkopo wake usio na riba. Yule dereva wa bodaboda ndiye anayekopesha, na dhamana yake ni funguo tu. Zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa mji huu wanakaa kwenye makazi yasiyopimwa, na sehemu kubwa ya hayo imejengwa kwa mtindo huu huu. Mji mzima unajengwa kwa akiba ya watu wasio na akiba.

Na mikopo rasmi? Kampuni ya kuyapa mabenki fedha za mikopo ya nyumba, TMRC, ilianzishwa mwaka 2010, na nia ilikuwa njema. Riba imeshuka kutoka ilikokuwa mpaka kati ya asilimia 15 na 19. Chukua nyumba ya milioni 50, riba ya 15, miaka 20: rejesho ni kama 658,000 kila mwezi. Ukimaliza umelipa milioni 158. Ndiyo maana katika nchi ya watu zaidi ya milioni 61 wenye mikopo hiyo hawajaza hata uwanja mmoja wa mpira. Mama wa vyumba sita hata huko mlangoni hafiki, kwa sababu hana hati. Ana karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa na sahihi za majirani.

Serikali haijakaa mikono mitupu, niwe mkweli. Shirika la Nyumba la Taifa lipo tangu 1962. Miaka ya 1970, kwa fedha za Benki ya Dunia, vilipimwa viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vikawekewa barabara na maji, watu wajenge wenyewe. Lengo likiwa wa kipato cha chini. Tembea Sinza leo uone kama huyo wa kipato cha chini bado yupo. Mwaka 2002 ukaanza mradi wa viwanja 20,000: Bunju, Mbweni, Kibada, Tuangoma, Mwanagati na kwingineko. Viwanja vizuri, vimenyooka, na walionunua ni wale wenye mshahara. Sasa kuna mradi wa nyumba 5,000 za Shirika, za kuuza, ulioanzia Kawe. Za kuuza. Nasisitiza hapo kwa sababu karibu kila mradi unaopewa jina la nyumba nafuu hapa nchini ni wa kumtafuta mnunuzi, na yule kijana wa saluni hatafuti hati, anatafuta chumba.

Magomeni Kota ndiyo hadithi ambayo watu huitoa kama mfano wa mafanikio, na mimi naipenda kwa sababu nyingine. Kaya 644 ziliondolewa kwenye nyumba za manispaa, nyumba zikavunjwa, eneo likabaki jeupe miaka mingi katikati ya mji huku wenyewe wakihangaika kupanga huku na kule. Rais Magufuli akaagiza zijengwe, Wakala wa Majengo wakajenga, na tarehe 23 Machi 2022 Rais Samia akazifungua. Wazee wakarudi, kaya zilezile, kwenye maghorofa yenye lifti. Kilichowarudisha ni orodha. Walikuwa na orodha ya majina ya kaya 644, wakaishikilia, wakaenda nayo kila ofisi. Mpangaji wa uswahilini hana orodha yoyote aliyomo.

Hilo lilionekana Jangwani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu na kufagia nyumba za bonde la Msimbazi. Waathirika wakapelekwa Mabwepande, nje kabisa ya mji, kwenye mahema kwanza, na viwanja vikagawiwa waliokuwa na nyumba. Aliyekuwa amepanga chumba kilekile, aliyepoteza godoro na sufuria zilezile, akaambiwa atafute kwingine. Alikwenda wapi? Alirudi bondeni, kwa sababu bondeni ndiko chumba kilikuwa rahisi, na kilikuwa rahisi kwa sababu kila mtu alijua maji yanakuja. Desemba 2015 zikaja tingatinga, alama za X nyekundu, nyumba za Mkwajuni na bondeni zikaanguka, mpaka mahakama ikaingilia. Waliohojiwa kwenye televisheni wakilia juu ya kifusi walikuwa wenye nyumba, na wana haki ya kulia. Kila nyumba ile iliyoanguka ilikuwa na vyumba vinne, sita, vinane vya wapangaji, ambao wengine kodi yao ya miezi sita ilikuwa na wiki tatu tu tangu ilipwe.

Tulikuwa na sheria. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilimlinda mpangaji, kodi ikawekewa kikomo na kumtoa mtu ikawa kazi. Haikuwa sheria ya kuililia sana. Watu waliikwepa kwa kilemba: unalipa kodi ndogo ya kwenye karatasi, na pembeni umetoa bahasha ya kukupa nyumba. Wenye nyumba wengine waliacha hata kukarabati. Ikafutwa mwaka 2005, na tangu hapo mkataba wa upangaji unategemea Sheria ya Ardhi ya 1999 na mlichokubaliana wenyewe. Mkigombana kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mtu wa chumba cha 50,000, akipiga hesabu ya nauli na siku za kazi zitakazopotea, anaona bora ahame. Mawaziri wa ardhi kwa nyakati tofauti wamekemea kodi ya miezi sita na ya mwaka, magazeti yakaandika, wenye nyumba wakatabasamu, mambo yakaendelea.

Nairobi mpangaji analipa mwezi kwa mwezi, na akiingia anaweka amana, mara nyingi ya mwezi mmoja. Nairobi ina balaa zake, kodi zake za vyumba zingemtoa mtu wa Mbagala machozi, na tarehe tano ikipita mlango unaweza kukutwa na kufuli la mwenye nyumba. Lakini ukipata kazi leo, mwezi ujao una chumba. Hilo peke yake linabadili maisha ya mtu anayeanza mji.

Bado sijawataja walinzi wa mapagale, basi niwataje. Pita Goba, Mbezi Msumi, Chanika, Kigamboni kwa ndani: kila mtaa una nyumba kubwa isiyoisha, imefika kwenye lenta au imeezekwa nusu, mwenyewe yuko Ulaya, au kazini mikoani, au amekwama. Ndani kuna familia. Wamewekewa mabati chakavu juu ya chumba kimoja, turubai dirishani, maji wanateka kwa jirani. Hawalipi kodi, hawalipwi mshahara. Kazi yao ni kuhakikisha nondo na mbao haziibwi. Baba anakwenda vibarua, mama anauza maandazi, watoto wanasoma shule ya kata. Mmoja aliniambia wamehamia pagale la tatu sasa. Kila mwenyewe anapopata hela za kupiga bati, anawashukuru na kuwapa nauli. Mji unapoendelea vizuri, wao wanapoteza makazi. Makarani wa sensa waliwakuta ndani ya nyumba ya vyumba vinne na sebule, ya tofali za saruji.

Je, kodi ya miezi sita ipigwe marufuku kesho? Ningefurahi kwa wiki moja. Baada ya hapo mama wa vyumba sita angeacha zile kozi tatu za tofali zizidi kuota majani, au angepokea laki tatu kimyakimya na kuandika elfu hamsini kwenye mkataba, kilemba kirudi kwa mlango wa nyuma. Ukimnyang'anya mkopo wake lazima umpe mwingine. Anayestahili mkopo wa nyumba nafuu katika mji huu ni yeye: milioni tatu au tano, kwa masharti mepesi, dhamana ikiwa leseni ya makazi badala ya hati kamili, kwa kuwa leseni hizo zimekuwa zikitolewa Dar tangu miaka ya 2000. Sharti liwe moja, apokee kodi kwa mwezi. Fedha za ghorofa moja la kuuza zingetosha vyumba vingi vya namna hiyo, tena vingejengwa mahali ambapo watu tayari wanakaa, karibu na kazi zao, bila kuwapeleka Mabwepande. Mikataba isajiliwe pale pale ofisi ya serikali ya mtaa, mpangaji awe na jina kwenye karatasi siku tingatinga likija. Na migogoro ya kodi ndogo isikilizwe ngazi ya kata, na uamuzi uwe na nguvu, mtu asihitaji kupanda daladala mbili kwenda kulalamikia elfu hamsini.

Mdogo wangu alipata kile chumba. Hakuwa na laki tatu. Tulimfuata mjumbe, akaja kukaa nasi kwenye mkeka, akasema anamjua kijana, kijiwe chake cha bodaboda kiko pale barabarani na hawezi kukimbia na deni. Mama mwenye nyumba akafikiri, akakubali miezi mitatu kwa mara ya kwanza, kisha mwezi kwa mwezi akimwona analipa vizuri. Dalali akanuna, maana alihofia na yake itapunguzwa, haikupunguzwa. Mama alihesabu noti mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga, akatuuliza kama tunamfahamu mtu anayeuza saruji kwa bei ya kiwandani. Laki na nusu ni mifuko minane hivi, alisema, itafikisha kozi ya tano.